Kiboko wa Shairi la Mapendo

Walimu wadogo wa Kiingereza, mlinifanyia sherehe, mkanipa kitenge na saa ya ukutani. Kitenge nimekishona. Saa sijui niifanyie nini; mtu aliyekwisha kazi mnampa saa ili aangalie nini? Halafu mkaniomba niwaandikie namna nilivyofundisha mashairi, hasa zile tamathali za usemi ambazo mnazikimbia mpaka egzeta, ule mtihani wetu wa Taifa, unapokaribia. Naandika, ila msitegemee maneno matamu. Prefe wetu, mkuu wa shule, alisema mbele yenu kwamba naondoka na furaha moyoni. Hakuniuliza.

Mimi ni mtoto wa Makobola. Baba alikuwa mvuvi, mama alilima mihogo, na hakuna aliyejua nilitoa wapi hamu ya Kiingereza. Nilipomaliza chuo cha ualimu Bukavu, nilitumwa shule moja huku Uvira, upande wa Nyamianda, nikapewa klasi ya sita. Wanafunzi wengine walikuwa wananipita urefu, wengine wana ndevu. Kitabu kilichokuwepo kilianza na shairi la zamani ambamo usiku unavaa joho na kupanda ngazi za mbinguni. Nikalisoma kwa sauti ya kujivuna, kama tulivyozoeshwa chuoni. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Madamu, usiku iko na miguu?"

Klasi yote ikacheka. Kichwa kikaniganda, nikajibu, "Kwa Kiingereza, ndiyo." Wote wakainama kwenye kaye zao na kuandika: kwa Kiingereza usiku una miguu. Nina hakika wengine mpaka leo wanaamini.

Klasi ya jirani alifundisha Mwalimu Selemani, mzee wa Kifaransa, mwenye koti moja ambalo sikuwahi kuliona limekunjwa vibaya. Alikuwa amesikia vicheko kupitia ukutani. Wanafunzi walipotoka akaingia, akachukua chaki, akapiga mstari katikati ya tablo.

"Sikia, mwanangu. Usiwaeleze. Uwaulize. Kila picha mu shairi ni muntu amevaa koti ya mwingine. Kushoto uandike ile shairi inasema, na chaki nyeupe. Kuume uandike ile inataka kusema, na chaki nyekundu. Katikati ni swali moja tu: huyu ni nani? Mutoto asikae chini mpaka avue ile koti."

Hiyo ndiyo kazi yangu yote, wapendwa. Mstari katikati ya tablo. Chaki nyekundu ilipokosekana nilitumia kipande cha tofali. Miaka ile ya vita, hata nyeupe ilipokosekana, tuliandikia mihogo mikavu. Inaandika vizuri kama tablo haina unyevu, ila ukiisahau mezani panya wanakula somo la kesho. Someni shairi kwa sauti kabla ya kusema lolote. Kaye zifungwe. Msianze na maana ya sitiari; mtoto aliyekariri maana ya sitiari hataiona sitiari hata imkanyage.

Watu wa semina huwa wanatuonea huruma, eti tunafundishaje theluji kando ya Tanganyika. Theluji haikunisumbua hata siku moja. Watoto wa Bijombo, kule milimani kwa wafugaji, wanajua mvua ya mawe na baridi ya kuua ndama, na wengine hukisia. Tena hao wa Bijombo ndio walionirahisishia sitiari, kwa sababu kwao ng'ombe anasifiwa mpaka unamsahau ng'ombe. Shida yangu ilikuwa ziwa. Mashairi ya Kiingereza yanapenda kusema maji yamemchukua mtu, maji yamemficha, maji yamekataa kumrudisha. Ninapouliza hapo kuna tamathali gani, mtoto wa mvuvi ananitazama kama mjinga. Kwake hiyo ni habari. Iliwahi kufika nyumbani kwao.

Msinione sikujua. Nilijua vizuri kwamba kuna mashairi ambayo ndege ni ndege tu. Mwaka mmoja nilifundisha la namna hiyo: ndege wa miguu mirefu amesimama majini, anangoja samaki, basi. Upande wa kuume wa tablo niliuacha mtupu. Bahati mbaya siku hiyo inspekta alikuwa amekaa nyuma.

"Ndege anawakilisha nini?" akauliza.

"Anawakilisha ndege, bwana inspekta."

Akaandika kwamba mwalimu hawezi kufikisha maana. Prefe wa wakati ule akaniita, akanionya, akanikumbusha kwamba egzeta haiulizi kama ndege ni mzuri. Inauliza anawakilisha nini, na majibu ni ya kuchagua. Tangu hapo upande wa kuume haukubaki mtupu tena. Wanafunzi wangu walifaulu. Wakuu wa shule wakapokea pongezi, na mimi nikapokea vumbi la chaki.

Katika wote waliopita mikononi mwangu, hakuna aliyejua kuvua koti kama Amisi. Alikaa benchi ya mbele, mwembamba, na kila nikimaliza kusoma mkono wake ulikuwa juu. Waridi ni nani? Mwanamke. Mlango uliofungwa ni nini? Kifo. Hata nilipoandika sentensi ya mfano kuhusu mbuzi wa jirani, Amisi alimtafutia mbuzi maana. Nilimpenda yule kijana, acheni niseme wazi. Nilipeleka mitihani yake klasi zingine ili ionekane kazi safi ni ipi. Akamaliza, akapata kazi kwenye biro moja ya mjini, zile ofisi za usalama ambazo ukipita unapunguza sauti. Sitasema ni ipi wala ilikuwa chini ya wakubwa gani. Uvira imepata wakubwa wa kutosha, kila mmoja alijiona ndiye wa mwisho.

Sasa nifike kwa Mapendo.

Mapendo alikuwa klasi ya sita katika mwaka wangu wa mwisho. Si msichana wa kuinua mkono. Baba yake, Papa Mapendo kama tulivyomwita sote, alikuwa na shamba dogo la mboga, lengalenga na bitekuteku, karibu na ufuo, chini ya mtaa. Mnajua viboko wetu. Maji ya ziwa yalipopanda na kula nyumba, nao walipanda pamoja, wakawa wanatembea njiani kama wenye parsele, viwanja vyao wenyewe. Jioni moja kiboko akaingia kwenye lengalenga. Papa Mapendo akatoka na sufuria na fimbo kumfukuza. Majirani walisikia sufuria ikilia, wakafunga milango. Walimwokota kwenye matete. Watu wa kulinda wanyama wakaja, wakatoa pole, wakakumbusha kwamba kiboko analindwa na sheria, yeyote asimguse. Mtaa mzima unajua hayo. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye kilio, nikala maharagwe ya pale.

Ilipofika sikukuu ya shule, klabu ya Kiingereza ilitakiwa kusoma mashairi mbele ya wazazi na wakubwa. Mapendo akaniletea lake. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikalazimika kukaa. Halikuwa na waridi wala joho. Kiboko anatoka majini. Anakula mboga zetu. Ni mnene, hakuna anayemuuliza anakula nini. Anapita njiani na majirani wanafunga milango. Baba anatoka kumwambia arudi kwake. Asubuhi yeye amerudi majini, baba amebaki kwenye tope. Wanatuambia ni marufuku kumgusa. Basi. Kiingereza cha maneno mafupi mafupi, kila neno mahali pake. Miaka yote ile niliyofundisha, hilo ndilo shairi la kweli lililowahi kuandikwa kwenye klasi yangu.

"Hapa tamathali iko wapi, Madamu?" aliniuliza kwa wasiwasi. "Nitafute moja niweke?"

"Usiguse hata kitone," nikamwambia.

Siku ilipofika akalisoma, kisha msichana mwenzake akalisoma kwa Kiswahili ili wazazi waelewe. Walipofika pale pa unene na kutoulizwa, mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha benchi nzima. Kisha watu wazima wakaanza kupigana viwiko na kutazama viti vya mbele, maana mkubwa aliyetawala mji wakati ule alikuwa amekaa pale, na tumbo lake lilikuwa limekaa pamoja naye, na nyumba aliyojichukulia iko ufukoni. Mapendo alisimama akiwatazama wanaomcheka baba yake. Hakuelewa. Mimi nilielewa.

Asubuhi iliyofuata watu wa ile biro walikuja na pikipiki, wakamtoa Mapendo klasini. Nilimkuta prefe mlangoni kwake amefunga mikono kifuani.

"Umewaacha wamchukue?"

"Kiingereza ni kazi yako, Madamu. Weye njo uende ukaeleze."

Kati ya wote waliocheka, hakuna aliyekuja nami. Waliocheka sana ndio waliokuwa na shughuli nyingi siku hiyo. Nilienda na Mama Mapendo peke yake, kitenge chake kimefungwa vibaya kwa haraka, na njia nzima alikuwa anarudia neno moja tu: "Mutoto wangu. Mutoto wangu."

Nyuma ya meza alikuwa Amisi.

Alisimama, nikiri hilo. Alitupa viti. Akaniita Madamu, akauliza afya yangu na magoti yangu. Kisha akageuza karatasi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa shairi la Mapendo, limepigwa mstari katikati. Kushoto bic ya bluu. Kuume mahali pa bic nyekundu, bado patupu.

"Bon, Madamu. Kiboko ni nani?"

"Kiboko ni kiboko."

Akatabasamu, kile kitabasamu cha benchi ya mbele. "Eeh, Madamu! Mu klasi ningejibu vile, ungenipa ziro."

"Amisi, mtoto aliona. Mama yake huyu hapa. Uliza mtaa mzima."

Mama Mapendo akasogea ukingoni mwa kiti. "Papa wake tulimuokota mu matete," akasema. "Minye nilimujua kwa mukaba ya suruali. Sura haikukuwa. Nilimununulia ule mukaba minye mwenyewe."

Amisi akainamisha kichwa. Sitasema hakuhuzunika. "Pole, mama. Kufa alikufa, hakuna mwenye anakatala. Lakini muntu anaweza kuchukua kitu ya kweli, aisemeshe kitu ingine. Weye Madamu njo ulitufundisha."

"Nilikufundisha kusoma, sikukufundisha kukamata watoto!" nilipiga kelele, na mtu wa mlangoni akaingiza kichwa. "Na mashairi mengine hayana koti! Unanisikia? Hayana!"

"Basi ile siku mbona hukutuambia?"

Mnataka nimjibu nini? Nimweleze habari za inspekta? Nimweleze egzeta? Chumba cha nyuma kilikuwa na mlango wa bati, na nilijua Mapendo yuko huko. Nilisikia mtu anakohoa kikohozi kidogo, cha kuzuiwa.

Amisi akainama mezani, akapunguza sauti. "Madamu, minye siko mubaya. Mukubwa anafika sasa hivi. Nikimuambia haiko muntu, atasema niko ninamufichia. Ile nafasi nyekundu haiwezi kubaki vile. Unipe maana ingine. Yoyote. Yenye haina jina ya muntu. Mutoto arudie kwao."

Nje gari likasimama. Mama Mapendo akanishika kiwiko, akanifinya mpaka mfupani.

"Kipindupindu," nikasema.

Amisi akaniangalia, macho yakamwaka. Aliona kabla sijaeleza, alikuwa na akili sana yule mtoto. Ugonjwa unatoka majini. Unaingia kwenye mboga. Majirani wanafunga milango. Baba anakufa asubuhi. Ni marufuku kumgusa mgonjwa. Akaandika haraka haraka, nyekundu ikajaa mpaka chini, na ikatoshea, Mungu wangu, ikatoshea vizuri kuliko sitiari yoyote niliyowahi kuipata kwenye vitabu.

Mkubwa akaingia. Nikamweleza kwa sauti yangu ya klasi, neno kwa neno, tamathali kwa tamathali. Alisikiliza mikono ikiwa tumboni. Mwishoni akapiga meza.

"Kumbe ni shairi ya afya! Mbona watu walicheka?"

"Watu hawajasoma, mukubwa," akasema Amisi.

Lakini alitaka kusikia kwa mwandishi mwenyewe. Wakamleta Mapendo. Yunifomu yake ilikuwa na vumbi mgongoni, kama mtu aliyekaa chini ukutani, na jicho moja lilikuwa jekundu. Mkubwa akamuuliza kwa upole, kama babu, kiboko wa shairi lake ni nini. Mapendo akasema kweli.

"Ni kiboko yenye iliua papa."

Amisi akanitazama. Nikasema, "Mapendo. Waambie kama tulivyofundishana. Kiboko anawakilisha kipindupindu."

Hatujawahi kufundishana. Yeye alijua, mimi nilijua. Akamgeukia mama yake, na mama yake, aliyeshika ule mkaba kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Sema, mwanangu. Sema twende."

Akasema. Wakatufungulia.

Tulitembea mpaka barabara kuu. Pale wanapouza ndagala, dagaa wa ziwani, Mapendo akasimama, akaniuliza, si kwa hasira, akaniuliza kama mwanafunzi anavyouliza. "Madamu, sasa papa alikufa na nini?"

"Nyamaza," akasema mama yake. "Utembee."

Mtu asije akaniambia nilikosea. Nimeshasikia minong'ono yenu kwenye chumba cha walimu. Ninyi mlikuwa wapi? Nilimtoa mtoto kwenye mlango wa bati, na kama ingerudi leo ningesema kipindupindu tena, na kwa sauti kubwa zaidi. Ninachokataa ni kuitwa shujaa, kama prefe alivyoniita kwenye hotuba yake mbele ya ile saa yenu. Yeye ndiye aliyemfungulia mwenye pikipiki lango. Hasira yangu na yeye haitakwisha, na sitaki iishe.

Maana jambo halikuishia hapo. Mkubwa alilipenda lile shairi. Akaagiza lisomwe wakati wa kuhamasisha watu wachemshe maji, na Mapendo akapelekwa kulisoma sokoni kwa kipaza sauti, na mtu wa afya akiwa pembeni anaeleza kiboko ni nini. Watu wa mtaa wake, wale wale waliofunga milango, walipiga makofi. Mama Mapendo hakwenda. Aliniambia tangu siku hiyo watu wanamuuliza kama mumewe alikufa hospitalini. Alianza kuwajibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa fupi zaidi.

Na prefe, ili aonekane mzalendo, akaliingiza kwenye mtihani wa shule wa mwisho wa mwaka, Kiingereza, klasi ya sita. Mimi sikuandika swali lile. Aliliandika mwenyewe: mnyama katika shairi hili anawakilisha nini? Na jibu, kipindupindu, akalileta kwenye karatasi yenye muhuri. Mwanafunzi aliyeandika jambo lingine asipate kitu. Nikamwambia, "Mwandishi mwenyewe amekaa kwenye klasi hiyo." Akasema, "Basi yeye atapata kirahisi."

Ndiyo karatasi za mwisho nilizosahihisha katika maisha yangu. Nilizisahihisha nyumbani, mezani pa kulia, mchana, mlango wazi. Ya Mapendo niliiweka chini kabisa. Nilikuwa nimeshaamua. Akiandika kiboko, nampa pointi zote, naweka sahihi yangu, na prefe anifukuze akitaka. Zilikuwa zimebaki siku chache, angenifukuza niende wapi? Nilimwomba Mungu mtoto aandike kiboko. Nilivaa miwani, nikaivua, nikaifuta kwa kitenge, nikavaa tena.

Alikuwa ameandika kipindupindu. Kwa mwandiko safi, bila kufuta popote, na chini yake ameeleza kila mstari kama nilivyoeleza mimi mbele ya mkubwa: maji, mboga, milango, baba. Halikukosekana hata moja. Nikampa pointi zote.